Mwaka Paa Letu Lilipoota Mpunga

Nilipoingia kwenye matanga ya Mwajuma, kule mtaa wa Mikelenge, hapa Kindu, kitu cha kwanza nilichofanya baada ya kuwapa pole wafiwa ni kutazama juu. Ni mazoea yangu, na hayaniachi hata msibani. Wanawake walikuwa wameketi mikekani bega kwa bega, jua la saa saba linapiga, na juu yetu palikuwa na bati tupu, hakuna hata kipande cha dari. Jasho lilitutoka mpaka kwenye vifundo vya vikwembe, vitenge tulivyojifunga. Nikamwambia msichana aliyeketi karibu yangu, Asha, mjukuu wa marehemu: "Bibi yako alijua kutuliza paa la bati kushinda mafundi wote wa mji huu, na ninyi munamulilia chini ya bati tupu." Asha akacheka huku anafuta macho. "Bibi, hiyo hadithi alitupatia mara nyingi. Alisema njo yeye aliharibu paa, na wewe njo ulitengeneza." Hapo nikanyamaza. Anayenijua atakuambia kwamba mimi si mtu wa kunyamaza. Lakini maneno yale hayakuwa ya kweli, na aliyeyatunga kwa ajili yangu tulikuwa tumemzika asubuhi ileile.

Ilikuwa katikati ya miaka ya hamsini, Wabelgiji bado wametukalia na hakuna aliyewaza kwamba wangefungasha mizigo upesi vile. Nilikuwa na miaka ishirini na moja na cherehani ya kukanyaga kwa mguu, na nilijiona mtu mkubwa sana. Mwajuma alinizidi miaka sita. Nilimwita yaya, yaani dada mkubwa, naye aliniita mudogo wangu. Alikuwa ametoka Kabambare akiwa na cherehani ndogo ya mkono kichwani, amemwacha mume nyuma, na hakupenda kuulizwa kuhusu mume huyo. Tulishona pamoja kwenye baraza la duka la Mzee Amisi, katika barabara inayoteremka bandarini, upande wa mtaa wa Kasuku. Malori ya Kalima yalipita hapo na mizigo yao ya madini, na kila lori lilituachia vumbi jekundu juu ya kanzu nyeupe za watu. Tulikuwa tunafua nguo ambazo hata mwenyewe hajazivaa bado. Siku moja nilisimama nikatazama paa la nyumba ile, nikaona kwamba sisi tunakula vumbi chini huku chumba kizima kimelala bure juu yetu.

Nyumba yenyewe ilijengwa na mfanyabiashara Mgiriki aliyeiezeka paa la mwinamo mkali, kama la nyumba za kwao, na Mzee Amisi aliinunua pamoja na mwinamo wake. Kati ya duka na bati palikuwa na dari ambalo mtu aliweza kusimama wima katikati yake, ila pembeni aliinama, na ukutani kabisa alitambaa. Zamani magunia ya mchele yalilala mle. Kinu cha mashine kilipofunguliwa karibu na stesheni, mpunga ukawa unakwenda moja kwa moja kinuni, na dari likabaki na panya wawili watatu na harufu. Nilimwomba Mzee Amisi chumba kile mara tatu. Mara ya kwanza alicheka, mara ya pili alijifanya anahesabu taa, mara ya tatu akasema: "Zaina, wewe utaniua. Basi, chukua. Lakini njo wewe mukubwa wa hicho chumba. Kikiharibika, nitakuuliza wewe." Nikasema niulizwe mimi, hakuna shida. Nilipenda sana kuulizwa siku zile.

Fundi Mulamba ndiye aliyetutengenezea. Alikuwa seremala wa karakana ya reli, na king'ora cha jioni kikilia alichukua randa yake akaja kufanya kazi za watu. Alitandika mbao za sakafu, akapiga ngazi nyuma ya nyumba, akatoboa dirisha kwenye ukuta wa pembeni, pale ambapo paa linafanya pembetatu. Kupitia dirisha lile tuliuona mto Lualaba kati ya paa mbili za jirani, kipande chembamba tu, lakini kilikuwa chetu. Niliweka cherehani yangu dirishani, Mwajuma akaweka yake mbele ya ngazi. Sharti la chumba kile lilikuwa moja: chakula kiliwe katikati, kwa sababu pembeni huwezi kuinua kichwa. Asubuhi tulikula vitumbua vya mchele na chai, na kwa kuwa mbao za fundi Mulamba ziliacha nyufa, tulikula pia maneno ya dukani. Wanaume walisema mengi kule chini wakinunua chumvi. Mwajuma aliweza kusimamisha cherehani katikati ya mshono, mguu wangu akaukanyaga ili nami nisimame, tukasikiliza mpaka mwisho jinsi fulani alivyomwambia mkewe anakwenda Kasongo na kumbe hajavuka hata mto. Nimeishi katika nyumba nzuri zaidi tangu hapo, na hakuna nilimocheka vile.

Sasa niseme tulichokuwa hatarini kukipoteza, maana bila hicho hadithi hii ni ya paa tu. Mwezi wa sita dereva mmoja alimletea Mwajuma barua kutoka kwa kaka yake, Shabani. Mimi ndiye niliyeisoma, kwa kuwa mimi ndiye niliyejua kusoma. Iliandikwa hivi: "Mvua ikianza nitakuja Kindu. Kama uko na kazi ya kweli na nafasi ya kuifanyia, utabaki. Kama unazunguka tu kwa baraza za watu, utarudi na mimi kupanda mupunga." Kurudi kupanda mpunga maana yake ilikuwa kurudi kwa mume, na mume yule alikuwa mwepesi wa mkono. Mwajuma alinionyesha alama siku ile, juu ya bega, kisha akashusha nguo na kuendelea kushona. Tena kulikuwa na ofisi ya serikali. Mwanamke asiye na mume alihitaji karatasi ya kukaa mjini, na karani aliitazama karatasi hiyo kwa jicho la pembeni. Mzee Amisi alikuwa amemwambia karani: hawa wanashona kwangu, wana chumba. Chumba kikiondoka, karatasi nayo ingeondoka. Nilimwambia Mwajuma asiwe na wasiwasi, kaka yake atapanda ngazi ile aone chumba ambacho hata wazungu hawana.

Kisha kiangazi kikakaza, na chumba kikatuonyesha upande wake mwingine. King'ora cha mchana kilipolia, bati lilikuwa limeshaiva. Huwezi kuliegemea, huwezi hata kulikaribia kwa shavu. Mkasi uliokaa dirishani uliunguza vidole. Mafuta ya cherehani yalilegea yakadondoka kwenye kitambaa. Nilikuwa nikishona na taulo shingoni na bado jasho liliingia machoni, nikashona mkono wa kanzu kwenye shingo yake. Tulijaribu kufanya kazi alfajiri na jioni, lakini nguo zilikuwa nyingi kuliko saa. Siku ya tatu ya joto lile Mwajuma alisimama kupokea chai, akasema "ngoja," akaanguka juu ya gauni la bibi arusi. Kishindo kilisikika dukani. Mzee Amisi alipanda mwenyewe, akasimama mle muda wa kusema bismillahi, akashuka kofia ikiwa imelowa. Nilipomfuata chini alikuwa akijipepea na kifuniko cha sanduku. "Binti yangu, siwezi kulaza maiti juu ya chumvi yangu. Mwezi ukiisha narudisha magunia. Magunia haianguke."

Nilikwenda kwa fundi Mulamba jioni ileile. Nilimkuta anakula sombe ya majani ya muhogo na samaki, akanikaribisha, nikala. Nikamuuliza nyumba za wazungu zinafanyaje, maana nazo zina bati. "Wanaweka dari ya mabamba inayotoka kwao," akasema, "na juu ya dari wanaacha hewa. Wewe hauna dari, Zaina. Wewe unakaa ndani ya dari yenyewe. Inafaa uvalishe paa nguo kwa ndani." Nikamwambia kwamba hapo amempata mwenyewe, nguo ni kazi yangu. Akacheka. Nikauliza nguo hiyo ijazwe nini, tukataja sufi, tukataja majani makavu, mpaka nikasema makapi ya mpunga. Makapi hayakuwa na bei, mji mzima uliyatupa. Fundi akatikisa kichwa. "Makapi ni nzuri, haipitishe joto. Lakini paa yako imeinama. Utajaza leo, kesho yote imeshuka chini, juu kunabaki wazi." Nikamwambia: godoro likisimamishwa ukutani, mbona sufi haishuki? Kwa sababu limeshonwa katikati. Nitashona mifuko mirefu ya gunia, upana wake sawa na nafasi kati ya boriti na boriti, na kila shubiri nitapiga mshono wa kukata, makapi yabaki kila fungu kwenye chumba chake. Aliacha kutafuna. Nakumbuka vizuri kwamba aliacha kutafuna, na sioni sababu ya kuficha kwamba nilifurahi.

"Basi sikia mambo mbili," akasema. "Changanya na majivu, mchwa na panya isipende. Na usibane mufuko kwa bati. Acha vidole nne. Hewa iingie chini kwa upenu, ipande, itokee juu kwa mugongo ya paa. Bati inatoa jasho asubuhi, Zaina. Ile jasho inafaa ipate njia." Nikasema nimesikia. Majivu niliyasikia. Keshoye alipewa safari ya kazi kwenye njia ya reli, na hakurudi mpaka mvua.

Sikukuu ya kuchinja ilikuwa imekaribia, na vinu vililia mitaani kutoka asubuhi hadi magharibi. Nilipita nyumba kwa nyumba na vikapu nikiomba makapi, na kila mama alinijazia kwa moyo mweupe. Hapa lazima nieleze desturi moja ya mitaa yetu. Mwanamke akipepeta mchele, mrusho wa mwisho hufanywa kwa nguvu makusudi, ili punje chache zitoke na makapi. Tunasema ule mrusho ni wa kuku. Si kuku wako tu, kuku wa jirani pia, na mwanamke anayepepeta mpaka punje ya mwisho husemwa kwamba ana mkono mgumu. Nyingi za punje hizo ni chuya, zile ambazo mchi haukuzivua ganda. Kila mtoto wa Kindu anajua kwamba makapi ya nyumbani yana chuya. Nami nilijua, lakini siku ile nilikuwa nawaza paa, sikuwaza chakula. Mwajuma alitia mkono kwenye kikapu cha kwanza, akaukunjua mbele yangu. "Mudogo wangu, iko na chuya mingi. Tupepete yote tena, ao twende kwa kinu cha stesheni, makapi ya mashine ni safi." Nikamwambia kinu cha stesheni kina foleni ya kuomba ruhusa, mwezi unakwisha, na kuku hawapandi darini. Akazirudisha chuya kikapuni. Kisha akachukua sindano ya magunia.

Tulishona siku kumi na mbili. Mimi nilikata na kupiga mishono ya kukata, Mwajuma alijaza na kukaza. Vumbi la makapi na majivu lilituingia puani, tukapiga chafya mpaka watu wa dukani wakatuuliza kama tumeuza pilipili. Tulianza upande wa barabara, tukaubana mfuko kati ya boriti mbili kwa vipande vya fito, tukapanda taratibu mpaka juu. Nilipofika kwenye vile vidole vinne vya fundi Mulamba niliviona ni nafasi inayopotea bure. Nikasema mfuko mnene utazuia zaidi, nikaujaza ukagusa bati. Nilijiamini sana, na nikiri kwamba hata leo mtu akiniambia niache nafasi tupu mkono unaniwasha. Tulipomaliza, tukatandika mikeka mipya juu ya mifuko kwa ndani, na chumba kikafanana na tumbo la kikapu. Siku ya kwanza bado tulingoja king'ora cha mchana kwa hofu. Kikalia. Tukatazamana. Mwajuma akaweka kiganja juu ya mkeka pale pembeni, akakiacha hapo bila kuungua, akaanza kulia polepole.

Nilimwalika Mzee Amisi kwa chakula cha mchana, saa saba kamili, na nikamwandalia kila kitu cha kumtoa jasho: wali wa moto, sombe yenye mafuta ya mawese, samaki wa pilipili, na birika la chai. Nilimwambia mbele ya watu wa dukani: akishuka na kofia kavu, chumba ni chetu, ikilowa, alete magunia yake. Alipanda akiwa ameshajivika uso wa huzuni. Akala. Akaomba samaki tena. Akanywa chai, akavua viatu, akauliza nani alitufundisha kushona paa. Nilipokuwa namjibu, tena jibu refu, nikamwona anaegemea mzigo wa vitambaa, na kabla sijafika katikati ya sifa zangu alikuwa anakoroma. Alilala mpaka adhana ya alasiri. Mwajuma alimfunika shuka. Alipoamka aliigusa kofia yake, akaigeuza, akaitazama ndani, akashuka ngazi nayo kavu. Tukamsikia kupitia nyufa akimwambia mteja: "Magunia yangu itafuta nafasi ingine."

Mvua za kwanza zilikuja kwa kishindo, na hapo nikagundua zawadi ambayo sikuiomba. Chini ya bati tupu, mvua ikinyesha huwezi kusikia hata jina lako. Chumba chetu kilikuwa kimya. Matone yalisikika kwa mbali, na tuliweza kunong'ona. Lakini baraza la chini lilikuwa na bati lake lenyewe, tupu, na watu waliokuwa pale walilazimika kupiga kelele ili wasikilizane. Alasiri moja ya mvua tulikuwa tunashona, dirisha wazi, tukasikia mtu anapaza sauti kama anaita ng'ambo ya mto: "Mimi ni Shabani wa Kabambare. Nilikuja kwa mambo ya dada yangu." Mwajuma aliukanyaga mguu wangu. Mzee Amisi naye akapaza: "Karibu, bwana. Dada yako iko na kazi, iko na chumba. Chumba ambayo mimi mwenyewe nililala ndani yake muchana." Shabani akajibu: "Nitaamini nikiona. Kesho asubuhi nitapanda. Kama ni kazi ya kuchezacheza, nitamubeba kesho ileile." Mwajuma alinitazama, akatabasamu. Aliinua macho juu, kwenye paa letu, kama mtu anayetaka kulishukuru. Tabasamu likamkauka usoni.

Katikati ya nyuzi za mkeka, juu ya cherehani yake, palikuwa na kijiti cheupe chenye ncha ya kijani kinachochungulia. Kando yake kingine. Nilipanda juu ya kiti nikafunua mkeka. Gunia lilikuwa na unyevu, lilinuka kama chungu kilichosahauliwa, na mpunga ulikuwa umeota mstari kwa mstari, kila mshono na bustani yake. Jasho la bati lilikosa njia, likateremka ndani ya makapi, likazikuta chuya zikingoja. Paa zima la upande wa mto lilikuwa shamba. Tulijaribu kung'oa kwa vidole mpaka giza likatushinda, na kila tulipong'oa kimoja tuliona vitatu. Yaya hakunilaumu hata mara moja. Ningefurahi kama angenilaumu.

Asubuhi Shabani alipanda ngazi, Mzee Amisi nyuma yake. Shabani alikuwa mkulima mrefu, mikono mipana, na alilazimika kuinama mara tu alipoingia. Alitazama cherehani mbili, akatazama nguo zilizopangwa, akapapasa mishono kana kwamba anaijua. Kisha akainua uso, na mkulima wa mpunga hawezi kuchanganya mpunga na kitu kingine. Akafunua mkeka. Alichomoa mche mmoja, akauzungusha kati ya vidole, mzizi na punje yake vikiwa bado vimeshikana. Mzee Amisi akasogea, akaona, uso ukabadilika. "Nani alijaza hii makapi bila kupepeta?" akauliza Shabani. Nilijua hesabu ya jibu hilo vizuri sana. Mzee Amisi alinipa chumba mimi, na mbele yake mimi ndiye mwenye akili. Nikisema ni mimi, magunia yanarudi, na wote wawili tunakosa chumba. Nilikuwa bado napima maneno yangu Mwajuma aliposema: "Ni mimi. Zaina aliniambia nipepete, sikupepeta." Alimwambia hivyo mtu aliyekuja kutafuta sababu ya kumrudisha. Alijitoa ili chumba kibaki kwangu, na mimi, Zaina ambaye mdomo wangu ulijulikana kutoka bandarini hadi stesheni, sikusema kitu.

Shabani alimgeukia dada yake. "Wewe, Mwajuma? Wewe ulikuwa unapepeta mpaka kuku ya mama inalala na njaa. Mama alikugombeza kwa ile kitu mpaka alichoka." Kisha akageuza macho kwangu. Hakuniuliza. Nilitazama sakafu, nikazihesabu nyufa za fundi Mulamba. Mwishowe akamwambia Mzee Amisi kwamba kosa ni la kurekebishwa kwa siku chache, mtu asilifanye kubwa, akavua shati na kuanza kuteremsha mifuko. Tulifumua kila mshono. Makapi yaliyooza tuliyatupa uani, na kuku wa mtaa mzima wakaja kula haki yao. Shabani mwenyewe alikwenda kinu cha stesheni akarudi na makapi safi ya mashine, tukayaanika kila jua lilipotoka. Fundi Mulamba alirudi kutoka safarini siku ya pili, akapanda, akatazama, akaninyooshea vidole vinne. Safari hii niliviacha vyote vinne. Paa lile lilitukinga miaka yote tuliyoshona pale, na bado lilikuwa na nguo yake ndani siku tulipohama.

Siku ya kuondoka kwa Shabani mvua ilikuwa inanyesha. Mwajuma alimsindikiza barazani, mimi nikabaki juu na pindo la nguo. Walipaza sauti kama kila mtu aliyesimama pale, na paa langu lilikuwa kimya. "Nilifikiri ulikimbia tu shamba," alisema Shabani. "Kumbe huku uko na muntu wako. Baki." Kisha akaongeza: "Lakini ule mutoto hakufungua kinywa." Nikamsikia yaya yangu, wazi kabisa, akisema: "Atafungua siku moja. Mimi siko na haraka." Alipanda ngazi akakaa kwenye cherehani yake, akaniomba mkasi. Nikampa mkasi. Tulishona pamoja miaka mingi baada ya hapo, tukaolewa, tukazaa, tukazikiana watoto na waume, na kila mwaka mvua za kwanza zilipoanza niliona aibu, nikajiambia kwamba mwaka huu nitasema. Watu walinisifu kwa lile paa na nikapokea sifa. Yeye alikaa pembeni, akisikiliza, akicheka pale panapochekesha.

Kwa hiyo, pale matangani, nilimshika Asha mkono nikapaza sauti, wanawake wote wasikie. Nilisema kwamba Mwajuma hakuharibu paa. Nilisema kwamba alinionyesha chuya kiganjani mwake nikamdharau, kwamba nilizuia hewa kwa kiburi changu, na kwamba kaka yake alipouliza, yeye alijitaja mwenyewe, nami nikakaa kimya mpaka leo hii. Wanawake waliacha kujipepea. Asha alinitazama kwa upole ambao niliujua, maana ulikuwa wa bibi yake.

"Bibi," akasema, "sisi tulijua. Kwa hii nyumba, siku zote bibi alizopepeta, kuku haikupata hata chuya moja."

Nje walikuwa wameleta mchele wa matanga, na ungo ulikuwa umelala juu ya gunia bila mtu. Nilitoka nikaketi, nikauvuta ungo miguuni. Nikapepeta polepole, nikarudia makapi mara ya pili na ya tatu, mpaka kuku wakakata tamaa wakaondoka.